Mwaliko wa Kumbatiza Celina

Uvumi ule ulimkuta Mama Ercilia Benavídez mahali pabaya pa kukutwa na uvumi: kwenye kiti cha saluni ya Pura, rola zimejaa kichwani, dawa inamwasha, hawezi kukimbia. Pura hakuwa mtu wa kutanguliza salamu. Alimwinamia sikioni akamwambia kwamba yule kijana fundi baiskeli aliyeachiwa kutoka kambi ya jeshi kamwambia mama yake, naye mama yake kamwambia muuza mikate, kwamba mle ndani watu hufungwa vitambaa usoni. Wakishateswa, huja mtu akakaa kando yao, ana sauti ya upole. Husema, "Tubu, mwanangu, Mungu anapenda ukweli. Wenzako wako wapi?" Na sauti hiyo, Pura alisema, ndiyo ileile inayotusomea Injili kila Jumapili.

"Padre Urrizaga?" Mama Ercilia alishtuka mpaka rola mbili zikadondoka.

"Mimi sijataja jina, shoga. Umelitaja wewe."

Mama Ercilia akainuka. Akatoka mlangoni na taulo begani, akakata mtaa mzima mchana kweupe, mbele ya wanaume waliokaa vibarazani wakinyonya kwa mrija ile chai ya majani iitwayo mate, kichwa chake kama nanasi. Alikuwa anailinda heshima ya Kanisa. Matokeo yake nywele zilijikunja upande mmoja, upande wa pili zikabaki zimenyooka kama majani ya mkindu, na kwa muda mrefu kila aliyemwona alijua kwamba huyu mama kuna jambo alilianza hakulimaliza.

Msimcheke peke yake. Sisi wote wa Villa Quebrachal, mtaa wa kiwanda cha tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, tulikuwa vivyo hivyo. Wanajeshi walikuwa wametwaa nchi mwaka uliotangulia, watu wakaanza kuchukuliwa, nasi tukajipatia maneno ya kulalia: hakuchukuliwa bure, lazima kuna alichokifanya. Mama Ercilia aliyasema maneno hayo waziwazi alipochukuliwa yule fundi baiskeli, tena huku akichagua viazi sokoni. Kisha mwanawe Hilario akanyakuliwa kwenye lango la kiwanda, akatiwa kwenye gari la kijani lisilo na namba, na siku iliyofuata mama huyo akasimama sokoni palepale akisikia nyuma yake, "Kwani huyo kachukuliwa bure?" Alijifanya anachagua viazi. Alichagua mpaka mwenye genge akamwambia, "Mama, vyote ni viazi."

Kwa hiyo uvumi wa Pura alikataa kuumeza. Lakini kuutema nako hakuweza. Ulimkaa kama mfupa wa samaki kooni, na kila alipoomba rozari, ulichoma.

*

Alikwenda ofisini kwa Padre amebeba alba mbili, zile kanzu nyeupe za misa, alizozitia wanga na kuzipiga pasi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Mama wa Altare, na wanga wake ulisifika hadi parokia za jirani. Njiani alikuwa amejizoeza swali lake: Padre, ni kweli kwamba unaingia mle kambini? Lakini mlango ulipofunguliwa, ulimi wake ukachagua njia yake.

"Padre, wanga wa safari hii umekuwa mzito kidogo. Naomba radhi."

"Karibu, mwanangu," alisema Padre Urrizaga, ambaye Mama Ercilia alimzidi miaka kama kumi hivi. Mama huyo alipenda sana kuitwa mwanangu. Kwa mwanamke mwenye magoti mabovu na mume mkorofi, si haba. "Hujaja kwa ajili ya wanga."

"Nimekuja kwa ajili ya Hilario."

Padre akaenda kuufunga mlango, akarudi, akaketi. "Yu hai," akasema.

Mama Ercilia alishika ukingo wa meza. Alikuwa amekwenda kambini mara nyingi, na kila mara askari wa getini alimjibu kwamba mtu wa jina hilo hayupo na hajawahi kuwapo. Sasa neno moja tu, yu hai, na dunia nzima ikamrudia na viti vyake na meza zake.

"Umemwona, Padre?"

"Mimi ni kapelani, padre wa jeshi. Ninaingia kule kama anavyoingia daktari. Amekonda kidogo, basi. Na mbishi! Ule ubishi kaurithi kwa nani?"

"Ni baba yake mtupu, Padre," alisema Mama Ercilia, akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha sebuleni, kama vile wanamsema kijana aliyekataa kunyoa. Kicheko hicho kilikuja kumnyima usingizi baadaye kuliko kilio chochote.

"Ana pumu, Padre. Kifua kinambana kukiwa na baridi. Nimemfumia sweta."

"Lete, nitampelekea." Akaliweka sweta kwenye droo. "Anamuulizia sana bintiye. Mtoto kabatizwa?"

Hapo mwenyekiti wa Chama cha Mama wa Altare aliona aibu mpaka kwenye kucha. Celina alikuwa na miezi mitano na hajaguswa na maji ya ubatizo, kwa sababu bibi zake wawili walikuwa wanagombania nani awe mama wa ubatizo. Bibi wa upande wa mama alidai ni zamu yake. Bibi wa upande wa baba, yaani huyu mwenye wanga wake, alisema kwenye ubatizo hakuna zamu. Hivyo mjukuu alikuwa anakua mpagani huku bibi yake akiwapigia watu kengele za masomo ya dini.

"Bado, Padre. Ni mambo ya kifamilia."

"Ercilia! Nyumbani kwako wewe!" Padre alitikisa kichwa, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Jumapili baada ya misa ya pili, mlete. Kimyakimya, bila sherehe. Mlete na mama yake, maana mama ndiye anayemtoa mtoto. Mimi nitazungumza na Kanali wa kambi. Ni mtu wa sala, usimwone vile. Huenda akaniruhusu nimlete Hilario kwa nusu saa, amwone mwanawe akimwagiwa maji."

Mama Ercilia aliubusu mkono wake. Akaubusu mara mbili. Alipofika nje ndipo alipokumbuka kwamba swali alilojizoeza hakuliuliza, akajiambia halina haja tena. Padre amekiri mwenyewe kwamba anaingia kambini. Anaingia kuwafariji. Tazama jinsi watu wenye vinywa vichafu wanavyogeuza wema!

*

"Yu hai, mzee! Padre amemwona!"

Mumewe, Anselmo, alikuwa anamimina maji ya moto kwenye kibuyu chake cha chai ya mate. Akaliweka birika chini. Akageukia kabati, akawa anatafuta sukari, na ile sukari ilikuwa mezani. Mkewe alimwacha aitafute.

"Kamwonea wapi?" aliuliza mwishowe, bado kaipa dunia mgongo.

"Kambini."

"Kambini si walituambia hayupo? Na siku ile Padre si alikuwa amesimama palepale getini, anaongea na luteni kuhusu mpira?"

"Labda hakusikia."

"Labda. Masikio ya padre ni ya kusikilizia dhambi, maswali mengine hayaingii."

"Anselmo, mwanao yu hai, na wewe unatafuta makosa!"

"Sitafuti, mama Hilario. Yanakuja yenyewe." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, na sauti akaifanya ya mzaha kama kawaida yake. "Haya. Anataka nini?"

"Nani kasema anataka?"

"Huyu mtu hata kengele haigongi bila sababu. Anataka nini?"

"Anataka kumbatiza mtoto. Nimpeleke Celina, na Nidia mama yake, Jumapili. Na Hilario huenda akaletwa!"

Anselmo aliuvuta mrija mpaka kibuyu kikalia. "Kati ya mtoto na mama yake, anamtaka nani zaidi?"

"Mtoto, bila shaka! Ubatizo ni wa mtoto."

"Basi kamuulize."

"Wewe na Mungu wako mmekosana, usinichanganye," alisema Mama Ercilia, akaenda kulitoa gauni la ubatizo sandukuni, lile alilobatiziwa Hilario, akaanza kulitia wanga. Aliutia mwingi mno. Lilipokauka lilisimama wima mezani lenyewe, halina mtoto ndani.

*

Nidia alikuwa wapi? Mji mzima ulikuwa unauliza, na waliouliza kwa sauti ya chini zaidi walikuwa na redio ndani ya magari. Walipekua shamba la wajomba zake, wakapekua nyumba ya Mama Ercilia mpaka ndani ya pipa la unga. Hakuna aliyefikiria saluni ya Pura, kwa sababu Pura hakuwa na kifua. Hata Anselmo alipoambiwa alishika kichwa. "Mmeificha siri kwenye tarumbeta!" alisema. Lakini wiki zilipita na siri haikutoka, na Mama Ercilia alipomuuliza Pura anawezaje, alijibiwa, "Kifua changu ni kidogo, shoga, siri inayokaa ni moja tu. Hizo nyingine lazima nizitoe nje."

Mama Ercilia alikuja akiwa amejiandaa kwa vita. Alijua Nidia atakataa. Njia nzima alipanga hoja: toharani, limbo ya roho zisizoingia mbinguni, radi, watoto wasiobatizwa wanaolia kwenye vichaka vya mto. Akaingia chumba cha nyuma, penye chupa za dawa ya nywele na kitanda cha kukunja, akamkuta mkwewe ananyonyesha. Akasema yote kwa pumzi moja.

Pura, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeanza. "Shoga, nilikwambia juu ya ile sauti."

"Uliniambia umbea."

"Na wewe ulitoka na rola zangu. Sijarudishiwa."

Nidia aliinua mkono wakanyamaza. Alikuwa msichana wa maneno machache, mtuma telegramu wa posta, amezoea kuona kila neno likilipiwa. "Mama, amesema Hilario amevaa nini?"

"Sikuuliza."

"Amesema ana nywele? Wanawanyoa."

"Sikuuliza, mwanangu. Alisema amekonda na ni mbishi."

Nidia akatabasamu kidogo aliposikia hilo la ubishi. Akamhamishia mtoto titi la pili. "Hilario atakuwepo kanisani?"

"Huenda. Kanali akikubali."

"Basi nitakwenda."

Mama Ercilia alikuwa tayari kufungua kinywa aingie kwenye mambo ya limbo. Akakifunga.

"Nidia, una akili?" Pura aliuliza. "Kama ni mtego?"

"Kama ni mtego, watanipeleka aliko. Nitamwona huko." Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja basi atakalopanda. "Mtoto mtabaki naye ninyi."

Mama Ercilia alirudi nyumbani ameshinda vita vyake. Ushindi ule ulimkata hamu ya kula. Kwa mara ya kwanza aliwaza maneno ya mumewe bila kuyakemea, akaona kwamba swali la Anselmo lilikuwa rahisi, na kwamba mtu anayemwamini padre wake haogopi kumuuliza swali rahisi.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda na vitambaa vya altare. Sakristia ilijaa wenzake wa chama wakipanga maua. Alipoingia waliacha kuongea, halafu wakaongea wote kwa pamoja juu ya hali ya hewa. Kwenye kiti chake alikaa mke wa luteni.

"Ah, Ercilia, mpenzi," alisema mke wa luteni bila kuinuka, "tulidhani utapenda kupumzika, na haya yaliyokupata. Vitambaa viache hapo sakafuni. Vyangu vimeshatandikwa."

Mama Ercilia akavitazama vilivyotandikwa. Havikuwa na wanga hata kidogo, vilining'inia kama mashavu ya mgonjwa. Ni ajabu jinsi moyo wa binadamu ulivyo: mwanawe kafungwa, mkwewe anatafutwa, na kilichomtoa machozi pale ni vitambaa.

Padre alimwita ofisini, akafunga mlango. "Kesho iko palepale?"

"Iko, Padre. Ila nilifikiri…" Alitazama mlango uliofungwa. "Nilifikiri mtoto nimlete mimi, na msimamizi wake. Mama yake hajisikii vizuri. Mimi nilipokuwa kitandani na homa, si Hilario alibebwa na shangazi yake? Na paroko wa wakati ule akambatiza."

"Zamani. Siku hizi utaratibu ni mwingine. Wazazi lazima wawepo."

"Ndiyo, Padre. Lakini mwezi uliopita si uliwabatiza mapacha wa luteni, mama yao akiwa bado hospitali? Mimi ndiye niliyeshika taulo."

 Padre alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Hali ni tofauti, mwanangu."

"Basi mbatize mtoto tu, Padre. Ni yeye ambaye hajaguswa na maji. Mama yake alishabatizwa."

"Bila mama, hapana ubatizo."

Lilitoka kavu, tena haraka. Na Mama Ercilia, aliyekuwa amezihudhuria misa za mtu huyu zote, aliyejua anapochoka na anaporuka mistari, hakuwahi kumsikia akimnyima mtoto maji. Wezi amewabatizia watoto. Hata binti wa danguro amembatizia mwanawe, akahubiri juu yake vizuri mpaka tukalia. Leo maji yamekuwa na masharti.

Pengine Padre naye aliona kwamba ameteleza, maana sauti yake ilirudi kuwa ya maziwa. "Au kama amechoka, maskini, niambie alipo. Nitamfuata mwenyewe. Wewe hutahusika."

Hapo ndipo palikuwa na hatari, nanyi mnaosoma msijidai. Mwanamke huyu tangu utoto alifundishwa kwamba padre akiuliza, unajibu. Jibu lilikuwa limeshapanda kooni, lina jina la Pura na rangi ya mlango wake. Kinywa kilikwisha kufunguka. Ikambidi akitumie kwa kitu kingine.

"Yuko kwa mama yake, Padre. Anakuja kesho na treni ya asubuhi." Na kwa kuwa hakuwa na mazoezi ya uongo, akaupamba kupita kiasi. "Anaumwa jino. Amefunga shavu kwa leso. Ya bluu. Na kikapu cha machungwa."

"Treni ya asubuhi," alisema Padre.

"Ndiyo. Umwambie Hilario avae sweta."

"Nitamwambia, mwanangu."

Akaubusu mkono wake, kwa kuwa asingeubusu angeshtukiwa.

*

"Nimekuwa mjinga," alimwambia Nidia, mchana wa jua kali mji wote ukiwa umelala. "Anakutaka wewe. Mtoto ni chambo tu."

Kaka yake Pura alikuwa na lori la pamba linaloelekea kaskazini, na kutoka kaskazini kuna watu wa kukuvusha mto hadi Brazili. Nidia alisikiliza yote. Kisha akauliza lile ambalo Mama Ercilia aliomba asiulizwe.

"Nikienda, mama, na kesho akaletwa kweli?"

"Akiletwa nitakuwepo mimi."

Nidia akainamisha kichwa, akaanza kufunga nguo za mtoto. Pura, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, akauliza kama mtoto anakwenda hivyohivyo bila kubatizwa, njia yote ile, na mto ule.

Mama Ercilia alikuwa akiwafundisha watoto wa kipaimara kwamba kwenye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, hata mwanamke, mradi maji yawe maji. Alilifundisha kama mnavyofundishwa mambo ya moto ilhali nyumba zenu hazijaungua. Akakunja mikono ya blauzi.

"Kuna hatari ya kufa?" aliuliza Anselmo, aliyekuwa amekuja kuaga na kofia mkononi.

"Wewe mji huu huuoni?"

Wakamlaza Celina juu ya beseni la kuoshea nywele, shingo yake ndogo kwenye lile pengo la kuegemeza wateja. Gauni lilikuwa gumu kama kadibodi, likamfanya ainue mikono juu kama aliyeambiwa ajisalimishe. Pura akapasha maji, akayajaribu kwa kiwiko.

"Baba wa ubatizo?" aliuliza Mama Ercilia.

"Mimi na Mungu hatusemeshani," alisema Anselmo.

"Leo mtasemeshana. Shika mguu wa mtoto. Mama wa ubatizo?"

Wote wakamtazama yeye. Alikuwa ameipigania nafasi hiyo miezi mitano. "Bibi yake mwingine," alisema. "Pura, simama kwa niaba yake. Mimi ninamwaga maji, siwezi kushika kila kitu." Akamwaga mara tatu, akayasema maneno bila kukosea hata moja, na sauti haikutetemeka ila kwenye jina. Mtoto hakulia. Alipiga chafya, kwa kuwa beseni lilinuka shampuu.

Lori liliondoka kabla watu hawajaamka kutoka usingizi wa mchana. Nidia aliketi katikati ya marobota, akiwa amempakata mwanawe. Hakupunga mkono. Kupunga kungeonekana.

*

Jumapili Mama Ercilia alikaa benchi la mbele, kwa sababu alikuwa ameahidi kuwepo. Misa ya pili ikaisha, watu wakatoka. Alitazama mlango wa pembeni, ule ambao angepitishwa mtu asiyetakiwa kuonekana. Kila uliposogea kwa upepo, yeye alinyanyuka nusu. Padre alisimama penye kisima cha ubatizo na stola nyeupe shingoni, hakuutazama mlango wa pembeni hata mara moja. Alikuwa anautazama mlango mkubwa.

Uliofunguka ulikuwa mlango mkubwa, na aliyeingia ni Anselmo, mtu ambaye kanisani huingia kwa mazishi tu. Akavua kofia, akaja kuketi kando ya mkewe.

"Natoka stesheni," alimnong'oneza. "Magari matatu ya kijani. Wamewashusha wanawake wote wenye watoto. Mmoja alikuwa na machungwa, maskini, wamemvunjia kikapu. Treni ile ulimwambia nani?"

 Aliyeambiwa na Mama Ercilia ni mmoja tu, na alikuwa mbele yao, anaangalia saa.

Padre akaja mpaka kwenye benchi. "Mkweo hakufika."

"Hakufika, Padre."

"Umemwacha mwanao peke yake, Ercilia," alisema. Hakumwita mwanangu. Akaivua stola, akaikunja vizuri, akaenda zake sakristia.

Waliketi pale mpaka mhudumu alipokuja kufunga. Hilario hakuletwa siku ile. Hakuletwa siku nyingine yoyote.

*

Wanajeshi walirudi makambini kwao, Nidia akarudi na Celina kutoka ng'ambo ya mto, miaka ikapita mingi, na mwishowe Padre Urrizaga akapandishwa kizimbani, kizee mwenye blanketi magotini. Mjini walisema aachwe, ni mzee. Askofu alisema alikuwa akitimiza wajibu wake wa kiroho. Mama Ercilia, mzee kuliko mshitakiwa, akaenda kutoa ushahidi na gauni lake la kanisani.

"Bibi, umesoma mpaka wapi?" aliuliza wakili wa utetezi.

"Darasa la sita."

"Na ushahidi wako, kama nimekuelewa, ni kwamba padre huyu alitaka kubatiza mtoto?"

Watu wakacheka, hata wa upande wake. Naye nusura acheke, kwa kuwa ukilisikia hivyo linachekesha kweli.

"Ushahidi wangu ni treni," alisema. "Nilimwambia yeye tu. Mlango alikuwa ameufunga yeye mwenyewe."

Padre alipatikana na hatia kwa mambo ya watu wengine, akina fundi baiskeli waliotoka wakaongea. La Hilario halikuthibitika. Aliyekiri kumwona akiwa hai kule ndani alikuwa mmoja tu, Padre mwenyewe, na Padre aliiambia mahakama kwamba hakumbuki.

Wanawake wadogo humwendea Mama Ercilia hata leo, humuuliza mtu afanye nini. Yeye husema hajui mtu afanye nini. Anayoyajua ni ya kuepuka:

Usiseme "hakuchukuliwa bure," hata kimoyomoyo.

Usicheke na mtu aliyemwona mwanao wakati wewe hujamwona.

Usimpe mtu sweta la mwanao bila kudai jibu lililoandikwa kwa mkono wa mwanao.

Usijibu swali kwa sababu tu muulizaji amevaa kanzu.

Usikubali mwaliko ambao lazima uje na anayetafutwa.

Ukilazimika kudanganya, usitaje machungwa. Kuna mwenye machungwa kweli.

Usicheleweshe ubatizo kwa ugomvi wa wakubwa.

Mtoto akikuuliza baba yake yuko wapi, usimwambie amesafiri. Atakwenda kukaa mlangoni, na hutakuwa na neno la kumwambia aingie ndani ale.